Mlango wa Kuingilia, Milango ya Kutokea: Adapta Moja ya Simu, Huduma Nyingi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimepewa nusu saa, na walionisikia siku za nyuma wanajua nusu saa hainitoshi hata kusalimia. Kwa hiyo niingie moja kwa moja.

Hiki nilichoshika ni adapta ya simu. Haizidi pakiti ya karata kwa ukubwa. Ina tundu la umeme, tundu la waya wa mtandao unaotoka kwenye ruta, na tundu dogo la simu ya mezani, ile ya waya tuliyokua nayo. Kazi yake, ukitaka niiseme kwa ufupi, ni kuidanganya simu. Simu ya mezani inadhani bado imefungwa kwenye kituo cha simu: inapewa umeme wake mdogo, ukiinua mkonga inapewa mlio wa laini, ukipigiwa inapelekewa msukumo wa kulia kengele. Kumbe upande wa pili hakuna kituo. Kuna intaneti, na sauti yako inakatwa vipande hamsini kila sekunde, kila kipande kinafungwa kama barua na kutumwa kivyake.

Hayo wengi wenu mnayajua. Ninalotaka kulisema leo ni jingine. Mtu akijiunga na simu ya intaneti kwa mara ya kwanza, kwa kawaida hupewa vitu vitatu kwa mkupuo: kifaa, namba, na dakika za kupiga. Vimekuja pamoja, naye anaamini ni kitu kimoja. Si kimoja. Namba ambayo watu wanakupigia inaweza kuwa kwa mtoa huduma huyu, simu unazopiga ndani ya nchi zikatoka kwa yule, za nje zikatoka kwa wa tatu, na zote zikapita katika simu moja hiyohiyo iliyo mezani. Mlango wa kuingilia ni mmoja. Milango ya kutokea ni mingi upendavyo. Ukilielewa hilo, mengine yote nitakayosema ni ufundi tu.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu ya Almon Strowger, Mmarekani aliyekuwa akifanya biashara ya mazishi mwishoni mwa karne ya 19. Zamani hizo ulikuwa hupigi namba. Ulikuwa unamwambia opereta nani umtakaye, naye anachomeka waya. Strowger akaingiwa na shaka kwamba opereta anawapeleka wafiwa kwa mshindani wake. Hakwenda kugombana. Alibuni mtambo unaounganisha simu bila opereta, akapata hataza yake mwaka 1891. Mnaona mambo yanavyozunguka? Miaka zaidi ya mia moja baadaye kiti cha opereta kimerudi, na safari hii kimewekwa sebuleni kwako. Wewe ndiye unayeamua simu hii ipite waya gani. Na opereta asiyejua laini zake, mnajua wenyewe.

Lugha ambayo adapta inaongea na watoa huduma inaitwa SIP. Ilianza kubuniwa mwaka 1996 na Henning Schulzrinne pamoja na Mark Handley, na toleo linalotumika mpaka leo lilitangazwa mwaka 2002. Jambo moja tu la SIP nataka mlibebe: adapta hujiandikisha. Intaneti haijui nyumba yako iko wapi, hivyo kila baada ya muda, mara nyingi saa moja au pungufu, adapta inabisha hodi kwa seva ya mtoa huduma na kusema, "Akaunti fulani, niko hapa, simu zangu zilete huku." Seva inamtaka athibitishe kwa nenosiri, anathibitisha, basi. Ukiwa na huduma nne, adapta inabisha hodi milango minne, kila mmoja kwa jina lake na nenosiri lake, na huduma moja haijui kabisa kama zile nyingine zipo. Hamna wivu hapo.

Sasa kabla hujagusa kifaa, chukua karatasi. Nasema hivi kwa sababu mimi sikuchukua. Nilianza kubonyeza, na wiki ya pili nikawa sijui simu zangu za nje zinatoka wapi wala nani ananikata salio. Andika: nani wananipigia, na kwa namba ipi? Mimi nawapigia nani zaidi, wa ndani au wa nje? Huduma ya kwanza ikizimika, ya pili ni ipi? Na simu ya dharura itatoka wapi? Hilo la mwisho liandike kwa wino mzito. Simu ya waya ya zamani ilikuwa imefungwa kwenye nyumba, kwa hiyo kituo kilijua unapiga kutoka wapi. Adapta unaweza kuing'oa hapa ukaichomeka bara jingine, namba ikabaki ileile. Mtoa huduma hajui ulipo mpaka umwandikishie anwani, na wapo wasiobeba simu za dharura kabisa. Uliza kabla. Umeme ukikatika, adapta na ruta vimelala, na simu ya mezani imelala navyo. Kwa hiyo simu ya mkononi iwe na chaji, na hilo usilisahau hata mipango yako iwe mizuri namna gani.

Kwa nini basi kuhangaika na huduma nyingi badala ya moja? Bei ni sababu ya wazi. Anayekupa bei nzuri kwa nchi moja si lazima awe na bei nzuri kwa nyingine, na huduma nyingi hizi ni za kulipia kadiri unavyotumia, unaweka salio na linakaa. Lakini sababu ninayoiheshimu zaidi ni kwamba huduma hufa. Google ilitangaza kwamba Mei 2014 itaifunga njia ambayo adapta nyingi za nyumbani zilikuwa zikiitumia kupiga kupitia Google Voice, huduma yake ya simu. Waliokuwa wameweka mayai yote kwenye kapu hilo walibaki roho juu, na ilichukua miezi kadhaa kabla ya njia nyingine kufunguliwa rasmi. Mwenye mlango wa pili alibadilisha mstari mmoja kwenye mipangilio akaendelea na maisha.

Kuhusu kununua kifaa nitapita haraka. Hakikisha hakijafungwa kwa kampuni moja. Adapta zinazotolewa bure na mtoa huduma mara nyingi zimefungwa, na ukurasa wa mipangilio huoni chochote cha maana. Pili, tazama inabeba akaunti ngapi. Adapta ya Grandstream HT802 ina matundu mawili ya simu na akaunti mbili. OBi200 ilipata sifa kwa kubeba huduma nne kwenye tundu moja, ingawa kampuni iliyoitengeneza ilinunuliwa na Polycom mwaka 2018, na anayeikuta leo kwa mtu ajue amenunua kifaa cha zamani. Tatu, herufi: tundu lililoandikwa FXS ni la kuchomeka simu, FXO ni la kuchomeka laini ya ukutani. Usiichomeke laini ya ukutani kwenye FXS. Pande zote mbili zinasukuma umeme, na adapta ndiyo itakayoungua.

Na kama adapta yako inabeba akaunti moja tu, bado hujakwama. Unaweza kuweka swichibodi ndogo ya programu katikati, kama Asterisk aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999. Inakaa hata kwenye kompyuta ndogo kabisa. Adapta inajiandikisha kwa swichibodi, swichibodi inajiandikisha kwa huduma kumi ukitaka. Ila hiyo ni hotuba nyingine, na mke wangu amenikataza.

Haya, umechomeka. Utaipataje? Inua mkonga, bonyeza nyota mara tatu. Kwenye adapta nyingi sauti itakujibu na kukupa menyu, na humo utasomewa anwani ya kifaa kwenye mtandao wa nyumbani. Iandike, ifungue kwenye kivinjari. Jambo la kwanza kabisa, kabla ya akaunti yoyote, badilisha nenosiri la kiwandani. La pili, weka toleo jipya la programu ya ndani ya kifaa. Halafu weka akaunti moja. Moja! Najua mkono unawasha kuweka zote nne. Weka moja, piga, pigiwa, ridhika, ndipo uende ya pili. Ukiweka nne kwa pamoja na moja ikagoma, utatafuta mchawi usiku kucha.

Akaunti inataka anwani ya seva, jina la mtumiaji, na nenosiri. Mtego uko kwenye jina. Kuna huduma ambazo jina la kuingilia kwenye tovuti yao ni moja na jina la SIP ni lingine, na nenosiri vilevile. Watu wengi walioniita niwasaidie walikuwa wamekwama hapo tu. Adapta yenyewe itakuambia kwa namba. Ukiona 403, umefika mlangoni ukakataliwa: angalia jina na nenosiri. Ukiona 408, hujafika kabisa. Seva haikujibu, kwa hiyo acha kuandika nenosiri upya mara ishirini, tazama anwani na ruta. Ukiona 401 mara moja na kufuatiwa na 200, usishtuke, ndivyo mazungumzo yanavyokwenda: wa kwanza ni swali "wewe nani?", wa pili ni "karibu."

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe, mpango wa kupiga namba. Hapa ndipo opereta anapokaa.

Mpango huu ni mstari mmoja wa alama ambao kila mtu akiuona mara ya kwanza anafunga kivinjari. Naomba msifunge. Herufi x ni tarakimu yoyote. Nukta baada ya x maana yake "irudie kadiri ilivyo". Mstari wa wima unatenganisha kanuni moja na nyingine. Na ndani ya mabano yenye ncha, kilicho kushoto kwa nukta mbili kinabadilishwa kuwa kilicho kulia. Nitaandika ubaoni:

(<81:>xx.|<00:>xx.|xx.)

Kanuni ya kwanza inasema: akianza na 81, ng'oa 81, tuma zilizobaki. Ya pili: akianza na 00, ng'oa sifuri hizo, tuma zilizobaki. Ya tatu: nyingine zote tuma kama zilivyo. Kisha kila kanuni unaifunga kwenye huduma yake. Namna ya kuandika kufunga huko hutofautiana kwa kila mtengenezaji, hiyo mtaisoma kwenye kitabu chake. Matokeo ni kwamba 00 inakwenda moja kwa moja kwa huduma ya nje, za kawaida zinakwenda kwa huduma ya ndani, na 81 ni ufunguo wangu wa siri wa kulazimisha huduma ya tatu ninapoona mbili za kwanza zinakwaruza.

Mbona ning'oe sifuri? Kwa sababu kila huduma ina mapenzi yake. Huyu anataka 00 mbele ya namba ya nchi, yule anataka namba ya nchi tupu, wa tatu anadai alama ya kujumlisha. Bila mpango, itabidi watu wa nyumbani wakumbuke huduma gani inapenda nini, na hawatakumbuka. Mpango unatafsiri. Kidole cha mama yangu kinapiga namba vilevile kama kilivyopiga miaka arobaini, na adapta inavaa nguo inayotakiwa kwa kila mlango. Kwangu kipimo cha mpango mzuri ni hicho: asiyejua kama upo asiwe na haja ya kuujua.

Mama yule pale mbele ananiuliza kwa nini akimaliza kubonyeza namba simu inakaa kimya muda mrefu kabla ya kuita. Swali zuri. Adapta haijui kama umemaliza! Namba za dunia zinaweza kufika tarakimu 15, kwa hiyo kanuni ya xx. inaendelea kusubiri tarakimu nyingine. Kwenye adapta za ukoo wa Sipura na Linksys subira ya kawaida ni sekunde 10, na sekunde 3 pale ambapo namba tayari imeshatosheleza kanuni. Dawa ni mbili. Bonyeza alama ya reli (#) ukimaliza, adapta nyingi zinaielewa kuwa ndiyo amri ya kutuma. Au andika urefu kamili wa namba kwenye kanuni: kama namba za ndani ni tarakimu kumi, andika x kumi, na ikifika ya kumi inaondoka. Namba ya dharura, mathalani 112, iwe na kanuni yake yenyewe, ifungwe kwa huduma inayobeba dharura, na isisubiri hata sekunde. Ila angalia hakuna namba nyingine ya kwako inayoanza na tarakimu hizohizo, isije ukampigia mjomba wakapokea zimamoto.

Kuna adha moja ya milango mingi ambayo hakuna aliyenionya, nami nawaonya. Ukipiga kupitia huduma ya pili, mpokeaji anaona namba gani? Haoni ile ya kwako anayoijua. Anaona namba ya ajabu, au haoni kitu. Dada yangu alikaa karibu wiki mbili bila kunipokelea, na nikaanza kujiuliza nimemkosea nini. Alikuwa akiona namba ya nchi asiyoijua na kudhani ni matapeli. Huduma nyingi za kulipia zinakuruhusu kuonyesha namba yako ya kuingilia baada ya kuthibitisha kwamba ni yako kweli; kwa kawaida wanakupigia kwenye namba hiyo na kukupa tarakimu za siri. Fanyeni hivyo siku ya kwanza.

Tatizo linalofuata linawatoa watu machozi: mnaunganishwa vizuri, wewe unamsikia, yeye hakusikii. Au kinyume chake. Chanzo karibu kila mara ni ruta. Vifaa vyote vya nyumbani vinajificha nyuma ya anwani moja, na SIP ina tabia ya kuandika anwani ya mrejesho ndani ya barua yenyewe, mbali na ile ya juu ya bahasha. Adapta ikiandika anwani yake ya ndani, sauti inatumwa mahali ambapo nje hapapo. Ruta nyingi zina kitu kiitwacho SIP ALG kilichowekwa ili kusaidia hilo, na kwa uzoefu wangu kinaharibu zaidi ya kinavyosaidia. Kizime. Weka adapta iseme kitu kidogo kila sekunde 15 au 20, ili ruta isiisahau njia. Maana ruta nyingine husahau baada ya nusu dakika, na hapo simu za kuingia hazikufikii ingawa za kutoka zinakwenda. Na kila akaunti ipe mlango wake wa mtandao, yaani namba ya "port": 5060, 5061, 5062, hivyo hivyo.

Kisha kuna simu za mizimu. Mnacheka, lakini saa tisa usiku simu inapoita, unainua mkonga, kimya, na kwenye kioo imeandikwa 100 au 1000, huchekeki. Hakuna mtu. Ni programu zinazozunguka intaneti zikigonga mlango 5060 wa kila anwani, zikitafuta kifaa kizembe cha kupigia simu za bure kwa gharama ya mwenyewe. Kwangu ziliita usiku tatu mfululizo. Dawa yake: iambie adapta ipokee simu kutoka seva ulizojiandikisha tu, na usifungue njia kwenye ruta kutoka nje kuja kwenye adapta, mara nyingi haihitajiki. Kwa upande wa mtoa huduma, zima nchi usizopiga kabisa, weka kikomo cha matumizi, na usiweke salio la kujaza lenyewe. Mwizi akiingia akute sarafu, asikute hazina.

Sauti. Nitasema kidogo, kwa kuwa siku hizi intaneti imekuwa nzuri. Kodeki ni namna ya kugeuza sauti kuwa data; ile ya G.711 ni sauti ileile ya simu za waya, kilobiti 64 kwa sekunde, na ukiweka bahasha zake inakaribia 90 kila upande. G.729 inabana sauti mpaka kilobiti 8, lakini bahasha haipungui, kwa hiyo barua ni nyepesi kuliko karatasi iliyoifunga. Kama laini yako inatosha, tumia ya kwanza. Kinachoharibu mazungumzo hasa ni kuchelewa: Shirika la Mawasiliano la Kimataifa (ITU) linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, na ukizidi hapo mnaanza kukatizana maneno kama watu wasiopendana. Mtu akipakia video nzito wakati unaongea, utasikia. Iagize ruta itangulize barua za adapta. Faksi? Kama huduma yako inakubali T.38, njia ya kupitisha faksi kwenye intaneti, jaribu, kama haikubali, skani karatasi uitume kwa barua pepe upumzike.

Naona saa inanikodolea macho. Kijana, nisogezee hiyo simu. Hii nyeusi, ndiyo, chomeka hapa. Taa imewaka. Hii ina huduma tatu ndani, na huduma ya tatu ina namba ya majaribio ya mwangwi: ukiongea, inakurudishia sauti yako, nawe unapima kuchelewa kwa masikio yako. Nani atajaribu? Mzee, karibu. Inua mkonga. Mlio upo? Vizuri. Bonyeza 81, halafu hizo nilizoandika pembeni mwa ubao, malizia na reli. Sasa hesabu moja, mbili, tatu, na utuambie umejisikia baada ya muda gani.